Lubumbashi: Gari ni la mteja, namba ya siri ni ya kiwanda

Mkazi wa Lubumbashi akipoteza ufunguo pekee wa gari lake, kinachomsumbua zaidi si chuma cha ufunguo. Fundi anaweza kuchonga kingine kwa dakika chache. Tatizo ni chipu ndogo iliyo ndani ya kichwa cha ufunguo, pamoja na namba ya siri inayoifanya kompyuta ya gari iikubali chipu mpya. Namba hiyo imehifadhiwa na kampuni iliyotengeneza gari, iwe Japani, Ujerumani au Korea Kusini. Fundi wa Kamalondo au Katuba hana njia rasmi iliyo rahisi ya kuiomba.

Huo ni upande mmoja tu wa mvutano ambao umefika mahakamani Ulaya na Marekani: nani ana haki ya kupata taarifa za usalama wa gari na vipuri vyake baada ya gari kuuzwa? Je, ni kiwanda na mawakala wake peke yao, au pia fundi huru ambaye mwenye gari amemchagua? Katika Umoja wa Ulaya, Marekani, Australia na Afrika Kusini, swali hilo limejibiwa kwa sheria, kwa miongozo au kwa makubaliano. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mafundi wanakutana na tatizo lilelile, lakini majibu hayo hayawafikii.

Jiji linalotegemea magari yaliyotumika

Lubumbashi, makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga, ilianzishwa mwaka 1910, wakati reli kutoka kusini ilipofika kwenye migodi ya shaba. Tangu hapo mitambo na vipuri vyake vimekuwa vikiingia zaidi kwa njia ya kusini na mashariki kuliko kutoka Kinshasa. Hadi leo jiji hili liko karibu zaidi na Lusaka kuliko na makao makuu ya nchi yake. Magari hushushwa bandari ya Dar es Salaam, takriban kilomita 2,000 kwa barabara, au Durban nchini Afrika Kusini, kisha huvuka Zambia na kuingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa.

Mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika. Ndiyo maana barabarani kunaonekana magari mengi yenye usukani wa kulia, ingawa Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara. Lubumbashi haiko peke yake katika hali hiyo. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliyotolewa mwaka 2020, ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani. Takriban asilimia 80 yalikwenda katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na Afrika ilikuwa mpokeaji mkubwa kuliko wote.

Mawakala rasmi wa kampuni za magari wapo, lakini wateja wao wakuu ni kampuni za migodi, mashirika na watu wachache wenye uwezo wa kununua gari jipya. Teksi, mabasi madogo, magari ya familia na malori ya wafanyabiashara wa kati hutengenezwa na mafundi huru katika garaji za mitaani. Mafundi hao wakishindwa, jiji zima husimama.

Kutoka spana hadi kompyuta

Kwa miaka mingi fundi hodari alihitaji spana, sikio la kusikiliza injini na uzoefu. Gari la kisasa linahitaji zaidi ya hayo. Injini, breki, mifuko ya hewa na milango huongozwa na kompyuta ndogo zinazowasiliana kwa nyaya. Ili kujua kasoro, fundi huunganisha mashine ya kupimia, ambayo mafundi wanaozungumza Kifaransa huiita valise, kwenye tundu lililo chini ya usukani.

Kusoma kasoro ni jambo moja, na kuruhusiwa kuirekebisha ni jambo jingine. Imobilaiza, yaani kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo unaotambulika, hufanya kazi kwa kulinganisha alama ya chipu na kumbukumbu ya kompyuta. Kama ufunguo mmoja bado upo, kuongeza wa pili katika magari mengi ni kazi nyepesi. Kama funguo zote zimepotea, kompyuta hudai namba ya siri au idhini kutoka kwa kiwanda. Bila hiyo, gari halina tofauti na kontena lililofungwa.

Mtego huo unazidi kuhamia kwenye vipuri. Katika baadhi ya magari, kompyuta, redio au kioo cha kasi kilichotolewa katika gari jingine la aina ileile hukataa kufanya kazi hadi kitambulishwe kupitia programu ya kiwanda. Biashara ya vipuri vilivyotumika, ambayo ndiyo tegemeo la wenye magari wengi Lubumbashi, inaguswa moja kwa moja. Mteja ananunua kipuri halisi, kizima, kinachoingia mahali pake bila kulegea, halafu gari linakikataa.

Kuanzia mwaka 2018 kampuni ya Fiat Chrysler iliweka katika magari yake mapya lango la kielektroniki linalozuia mashine yoyote isiyosajiliwa kubadilisha kitu ndani ya mfumo. Watengenezaji wengine wamefuata njia hiyo. Sababu mojawapo ni kanuni namba 155 ya Umoja wa Mataifa kuhusu usalama wa mitandao ya magari, ambayo katika Umoja wa Ulaya imekuwa ya lazima kwa magari yote mapya tangu Julai 2024. Magari hayo leo yako Brussels na Paris. Baada ya miaka michache yatakuwa yamechoka huko, na safari yake ya kuja Afrika itaanza.

Hoja ya usalama si ya kupuuzwa

Kampuni za magari hujitetea kwa kusema kwamba namba za siri zikitolewa ovyo, wezi watakuwa wa kwanza kuzichukua. Hoja hiyo ina uzito. Ulaya ililazimisha imobilaiza katika magari mapya ya abiria kuanzia Oktoba 1998 kwa sababu ya wizi. Marekani haikuwahi kuilazimisha, na matokeo yake yalionekana wazi. Mwaka 2015, asilimia 26 tu ya aina za magari ya Hyundai na Kia yaliyouzwa huko ndiyo yalikuwa na imobilaiza kama kifaa cha kawaida, wakati kwa watengenezaji wengine ilikuwa asilimia 96. Miaka michache baadaye vijana walisambaza video za jinsi ya kuwasha magari hayo bila ufunguo, na wizi wake ukalipuka katika miji mingi.

Lakini usiri peke yake hauzuii mwizi mwenye vifaa. Aprili 2023, wataalamu wa usalama wa mitandao nchini Uingereza walieleza jinsi Toyota RAV4 ilivyoibwa London. Wezi walifungua sehemu ya taa ya mbele, wakafikia nyaya za mawasiliano ya gari, na wakatumia kifaa kilichofichwa ndani ya spika ndogo ya muziki kuidanganya kompyuta kwamba ufunguo halali upo. Hawakuomba namba kwa kiwanda. Hawakujaza fomu yoyote.

Kwa hiyo swali halisi ni nani anayezuiwa na mlango uliofungwa. Mwizi hutafuta dirisha. Anayebaki nje ni fundi mwenye garaji inayojulikana, mwenye wateja wanaomfahamu kwa jina, ambaye angekuwa tayari kuonyesha kitambulisho chake kama kungekuwa na mahali pa kukionyesha.

Nchi nyingine zilivyotafuta njia

Uamuzi wa nchi nyingi zilizoshughulikia suala hili umekuwa kufungua mlango na kuweka mlinzi. Nchini Marekani, shirika la NASTF, linalowakutanisha watengenezaji wa magari na sekta ya ufundi, linaendesha daftari la wataalamu wa usalama wa magari. Fundi wa funguo huchunguzwa historia yake kabla ya kuandikishwa. Kisha, kila anapoomba namba ya siri, lazima athibitishe kitambulisho cha mteja na hati za gari, na kumbukumbu ya kazi hiyo ihifadhiwe. Gari likiibwa baadaye, polisi wana pa kuanzia.

Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi kwa kuifanya haki hiyo kuwa sheria. Kanuni namba 715 ya mwaka 2007, kisha kanuni 2018/858 iliyoanza kutumika Septemba 2020, zinawataka watengenezaji kuwapa mafundi huru taarifa za matengenezo kwa bei isiyo ya kukomoa. Kwa taarifa nyeti za wizi na usalama, uliundwa utaratibu unaoitwa SERMI. Garaji na wafanyakazi wake huchunguzwa na taasisi huru, huthibitishwa kuwa hawana rekodi ya uhalifu inayohusika, na hupewa cheti cha kielektroniki kinachofungua tovuti za viwanda mbalimbali.

Oktoba 5, 2023, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu muhimu katika kesi kati ya kampuni za matengenezo A.T.U na Carglass dhidi ya FCA Italy. Iliamua kwamba mtengenezaji hawezi kuweka masharti yake mwenyewe, kama vile usajili binafsi na malipo ya lango la kielektroniki, ambayo hayamo katika sheria. Usalama, kwa mujibu wa hukumu hiyo, si kisingizio cha kila kampuni kujitungia kanuni.

Huko Massachusetts, Marekani, wapiga kura waliidhinisha haki ya matengenezo mwaka 2012 na tena mwaka 2020, mara ya pili kwa karibu asilimia 75, ili kuhusisha data ambazo gari hurusha bila waya. Watengenezaji walikwenda mahakamani mara tu baada ya kura hiyo, na ni Februari 2025 ndipo jaji wa shirikisho alipotupilia mbali kesi yao. Australia nayo ilianzisha mpango wa lazima wa kugawana taarifa Julai 1, 2022, ambao unaruhusu hata taarifa za usalama kwa mafundi waliopita uchunguzi.

Mfano ulio karibu zaidi na Katanga ni Afrika Kusini. Miongozo ya Tume ya Ushindani ya nchi hiyo kuhusu soko la matengenezo ya magari ilianza kutumika Julai 1, 2021. Inampa mwenye gari nafasi ya kwenda kwa fundi huru bila kupoteza dhamana yote ya gari, inaruhusu matumizi ya vipuri visivyo na nembo ya kiwanda, na inawataka watengenezaji kuwafikishia mafundi huru taarifa za kiufundi na mafunzo. Miongozo si sheria kamili, na utekelezaji wake umekuwa wa kuvutana. Hata hivyo imewapa mafundi mahali pa kusimama wanapolalamika.

Haki inayoishia bandarini

Kwa nini basi mambo hayo hayamfikii fundi wa Lubumbashi? Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Haki hizo zimefungwa kwenye nchi zilizozitunga. Utaratibu wa SERMI haukutengenezwa kwa ajili ya garaji ya Ruashi, na daftari la Marekani halikutengenezwa kwa ajili ya fundi wa Katuba. Gari lililotumika Ubelgiji kwa miaka 10 lingeweza kupelekwa huko kwa fundi huru na kupata namba yake ya siri kihalali. Likipakiwa melini, chuma chake kinasafiri lakini haki hiyo inabaki bandarini.

Sababu ya pili ni ya kiufundi. Magari yaliyouzwa kwanza ndani ya Japani hutambulishwa kwa namba fupi ya chasisi, tofauti na namba ya tarakimu na herufi 17 ambayo tovuti za Ulaya na Marekani huitarajia. Taarifa zake za matengenezo ziliandikwa zaidi kwa Kijapani. Wakala rasmi aliye Kongo naye anaweza kusema, bila kudanganya, kwamba gari hilo hakuliuza yeye na halimo katika orodha yake.

Sababu ya tatu ni mazingira ya kazi. Tovuti za viwanda huuza ruhusa ya kuingia kwa saa, kwa siku au kwa mwaka, na malipo hufanywa kwa kadi ya benki, kitu ambacho mafundi wengi hawana. Zaidi ya hayo, kuandika upya programu ya kompyuta ya gari kunahitaji umeme na intaneti visivyokatika. Umeme wa SNEL ukikatika katikati ya kazi, kompyuta inaweza kufa kabisa, na hasara inakuwa kubwa kuliko tatizo lililomleta mteja.

Njia ya uchochoroni na gharama yake

Mafundi hawajakaa mikono mitupu. Zipo mashine za bei nafuu, nyingi zikitoka China, na nakala za programu za viwanda zinazouzwa bila leseni. Wapo pia mafundi wanaofungua kompyuta ya gari, kutoa chipu ya kumbukumbu, kuisoma na kuiandika upya. Huo ni ufundi wa kweli unaohitaji akili na mkono mtulivu, na bila huo magari mengi ya Katanga yangekuwa yameozea uani.

Lakini njia hiyo ina gharama ambazo mteja haoni siku anapochukua gari lake. Wakati mwingine suluhisho linalopatikana ni kuizima imobilaiza moja kwa moja. Gari linawaka, mteja anashukuru, lakini kuanzia siku hiyo yeyote anayeweza kuvunja kufuli ya usukani anaweza kuondoka nalo. Programu ya nakala nayo inaweza kuharibu kompyuta ya breki au kuiacha mifuko ya hewa ikiwa haifanyi kazi bila taa yoyote ya tahadhari kuwaka. Kufungiwa nje kwa jina la usalama kunazaa magari yasiyo salama.

Gharama nyingine ni ya jina jema. Kwa kuwa hakuna daftari, fundi mwaminifu na msaidizi wa wezi wanatumia mashine ileile, katika soko lilelile, na hakuna karatasi inayowatofautisha. Eneo la kusini mwa Afrika limepambana kwa muda mrefu na magari ya wizi yanayovushwa mipaka, na Interpol ina hifadhidata ya kimataifa ya magari yaliyoibwa kwa ajili ya kazi hiyo. Polisi wakilikuta gari la wizi lenye ufunguo mpya, fundi aliyeutengeneza hana ushahidi kwamba aliuliza hati za mwenye gari.

Sheria ya Kongo inaongeza uzito wa jambo hilo. Kanuni za kidijitali za nchi, zilizotolewa Machi 13, 2023, zinaadhibu kuingia bila ruhusa katika mfumo wa kompyuta. Fundi aliyepewa idhini na mwenye gari hapaswi kuogopa. Lakini idhini ya mdomo, iliyotolewa juu ya boneti ya gari, ni vigumu kuithibitisha mbele ya hakimu.

Migodi nayo imo

Suala hili haliishii kwenye magari ya familia. Sheria namba 17/001 ya Februari 8, 2017 kuhusu kazi za ukandarasi mdogo inataka kazi hizo katika sekta binafsi zipewe kampuni ambazo mtaji wake uko zaidi mikononi mwa Wakongo. Matengenezo ya magari na malori ya migodi ni kati ya kazi ambazo wajasiriamali wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaweza kuzitolea macho.

Hapo ndipo kizuizi cha namba za siri kinapogeuka kuwa kizuizi cha uchumi. Garaji ya Mkongo inaweza kushinda mkataba kwenye karatasi. Lakini kama programu ya lori inafunguka kwa wakala wa kampuni ya kigeni peke yake, kazi yenye faida itarudi kwa wakala huyo, na Mkongo atabakiwa na kubadilisha mafuta na matairi. Nchi inayochimba takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini yanayoingia katika betri za magari ya umeme, ina sababu ya kuuliza kama watu wake wataruhusiwa kuyatengeneza magari hayo yatakaporudi.

Kilichopo mkononi

Kongo haihitaji kuanzia sifuri. Sheria ya msingi namba 18/020 ya Julai 9, 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani inakataza matumizi mabaya ya nafasi ya kutawala soko. Tume ya ushindani iliyowekwa chini ya sheria hiyo inaweza kutoa mwongozo kama ule wa Afrika Kusini, unaoeleza kwamba wakala rasmi akiwa ndiye pekee mwenye namba za siri, ana wajibu wa kumhudumia fundi huru mwenye idhini ya mteja kwa bei iliyotangazwa.

Kwa upande wa viwanda, soko la Kongo peke yake ni dogo, na barua ya Kinshasa inaweza kukaa mezani Tokyo bila jibu. Soko la kanda ni jambo jingine. Kongo na Zambia ni wanachama wa COMESA, yenye nchi 21, ambayo tume yake ya ushindani yenye makao Lilongwe ilianza kazi Januari 2013. Kongo pia imo SADC pamoja na Afrika Kusini na Tanzania, na tangu mwaka 2022 ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Magari yaleyale ya Japani yanapita Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa. Fundi wa kila mji kwenye njia hiyo ana tatizo lilelile, na nchi hizo zikidai pamoja, zinasikika.

Mafunzo nayo yana mahali pa kuanzia. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1964, ina tawi Lubumbashi, na Japani imeisaidia taasisi hiyo kupitia shirika lake la JICA. Nchi inayotoa magari mengi ya jiji hili na nchi inayosaidia kufundisha mafundi wake ni ileile. Kuomba kwamba msaada huo uende pamoja na ruhusa ya kupata taarifa za magari ya Japani si ombi la ajabu.

Katika ngazi ya jimbo, hatua ya kwanza inaweza kuwa ndogo kabisa: fomu moja. Kabla ya kutengeneza ufunguo au kufungua kompyuta, fundi anaandika namba ya chasisi, anatazama carte rose na kitambulisho cha mteja, mteja anatia sahihi, na nakala inabaki garaji. Haigharimu zaidi ya karatasi. Inamlinda mteja, inamlinda fundi, na inajenga kumbukumbu ambayo siku moja itaoneshwa kwa viwanda kama ushahidi kwamba mafundi wa Katanga wanaweza kuaminiwa.

Hofu ya karatasi nyingine

Wapo watakaosema kwamba daftari la mafundi Kongo litageuka kuwa sababu mpya ya kutoza watu pesa. Hofu hiyo ina msingi. Mwenye biashara ndogo Lubumbashi hupokea wageni wengi wenye vitabu vya stakabadhi, na kila cheti kipya kinaweza kuwa kodi isiyo na jina. Daftari likikabidhiwa ofisi inayojilipa kwa faini, mafundi watalikimbia, na litabaki na majina ya wachache wenye uwezo wa kununua nafasi.

Ndiyo maana mifano ya nje inafaa kutazamwa kwa makini. Nchini Marekani daftari linaendeshwa na chombo cha sekta yenyewe, na Ulaya uchunguzi hufanywa na taasisi huru zilizoidhinishwa. Kongo inaweza kuwapa kazi hiyo vyama vya mafundi pamoja na taasisi ya mafunzo, ada ikiwa imetangazwa hadharani, na polisi wakiwa na haki ya kuuliza kumbukumbu pale tu penye kesi. Daftari la hiari linalompa fundi faida, kama vile kupata namba za siri kihalali, litajaza majina bila askari kupita mitaani.

Kwa sasa, mnunuzi wa gari lililotumika anaweza kujikinga kwa njia rahisi. Adai funguo mbili kabla ya kulipa, na kama upo mmoja, atengenezeshe wa pili wakati ule wa kwanza bado unafanya kazi. Aulize kama imobilaiza imewahi kuzimwa. Ahifadhi pamoja na hati za gari kibati au kadi yoyote yenye namba ya ufunguo. Mambo hayo matatu yanagharimu kidogo kuliko siku moja ya gari lililokwama Kasumbalesa.

Lakini tahadhari ya mnunuzi mmoja mmoja ina mwisho wake. Magari yaliyopo leo Lubumbashi bado yanafunguka kwa mashine za bei nafuu na mikono ya mafundi hodari. Yale yaliyotengenezwa chini ya kanuni mpya za usalama wa mitandao yatakuwa magumu zaidi, na yataanza kushuka Dar es Salaam na Durban ndani ya miaka michache. Kongo na majirani zake wakiwa wamejadiliana na viwanda kabla ya hapo, garaji za Kamalondo zitaendelea kufanya kazi. Wakisubiri, watakuwa wanaagiza magari ambayo hakuna mtu katika jiji zima aliyeruhusiwa kuyatengeneza.